Mkono wa Kulia Juu

Katika chumba cha kufulia cha hospitali, shuka hukunjwa na watu wawili. Mmoja anashika pembe mbili, mwenzake anashika mbili, wanarudi nyuma mpaka kitambaa kinyooke, halafu wanakutana katikati. Kanuni ni moja tu: fanya anachofanya aliye mbele yako, kama unayejitazama kwenye kioo. Mkono wake wa upande wa dirisha ukipanda, na wako wa upande wa dirisha unapanda. Anayeanza kuwaza kulia ni wapi na kushoto ni wapi huangusha shuka, na shuka iliyogusa sakafu inarudi mashineni.

Mlingoti aliijua kanuni hiyo kabla hajajua kusoma. Mama yake alikuwa mfuaji wa hospitali hiyo, na siku za likizo, kwa kuwa nyumbani hakukuwa na wa kumwachia, alikuja naye kazini na kumpa pembe mbili za kushika. Jina la Mlingoti alipewa shuleni. Alirefuka mapema na hakujua kuacha, hata alipofika darasa la saba mwalimu mkuu alikuwa akimkaripia huku ameinua uso. Alipomaliza shule aliajiriwa pale pale hospitalini, mashine ya tatu kutoka mlangoni, na wengi waliomjua walidhani hadithi yake imeishia hapo.

Aliyedhani vingine ni mjomba wake. Mjomba alikuwa mlinzi wa banda la mashua kwenye bwawa linaloleta maji mjini, na katika ujana wake aliwahi kuwa mchezaji wa akiba wa klabu ya makasia. Akiba wa akiba, alivyopenda kusema mama. Mjomba alimtazama mpwa wake akining'iniza mapazia bila kupanda kiti, akasema mikono ile inapotea bure kwenye shuka za watu. Jumamosi iliyofuata alimpeleka bwawani.

Mashua ya mashindano ya mtu mmoja ni nyembamba kama ganda la haragwe, na mwenye kuiendesha huketi akiipa mgongo safari yake, juu ya kiti chenye magurudumu kinachokwenda mbele na kurudi. Ana kasia kila upande. Makasia hayo ni marefu kiasi kwamba mipini yake hupishana katikati, mbele ya tumbo, kwa hiyo lazima mkono mmoja upite juu na mwingine upite chini. Kwa sababu hiyo pete inayoshika kasia la upande mmoja huinuliwa kidogo kwa visahani vya plastiki. Karibu dunia nzima imekubaliana kwamba wa juu ni mkono wa kushoto. Hakuna sababu kubwa. Ni kama kuendesha gari upande mmoja wa barabara. La muhimu ni wote wakubaliane.

Mjomba alimkalisha binti kwenye mashua iliyofungwa gatini, naye akaketi kwenye kreti la soda akimwelekea, vijiti viwili vya mafagio mikononi. Akamwambia atazame tu na afuate. Mlingoti alifuata. Alifanya alichofundishwa na mama yake tangu utoto: mkono wa mjomba wa upande wa banda ulipopanda, na wake wa upande wa banda ulipanda. Kwa mjomba huo ulikuwa wa kushoto. Kwake ulikuwa wa kulia.

Hakuna aliyesema neno. Mashua ya mtu mmoja haina wa kulalamika. Mjomba mwenyewe aligundua mwezi wa pili, na kufikia hapo binti alikuwa anawaacha vijana wa klabu nyuma wakipiga maji kama bata. Basi akachukua spana, akahamisha vile visahani kutoka pete moja kwenda nyingine, akafunga na mdomo wake. Miaka mingi baadaye, alipoulizwa kwa nini alinyamaza, hakuona haya yoyote. "Kuku anataga," alisema, "unaanza kumwuliza amekaa upande gani wa kiota?"

Na kuku alitaga sana. Mlingoti alikuwa bingwa wa taifa msimu baada ya msimu, mpaka watu wakaacha kwenda bwawani kutazama fainali ya wanawake kwa kuwa mwisho wake ulijulikana. Alifanya mazoezi alfajiri, akaingia kazini saa mbili nywele zikiwa bado mbichi, na msimamizi wa chumba cha kufulia, aliyekuwa mkali kwa wengine, alimpangia zamu kana kwamba bwawa lilikuwa idara ya hospitali. Aliolewa na fundi wa majokofu, mtu mpole ambaye hakujua kuogelea, aliyekuja kwenye kila shindano na kusimama mbali na maji. Alisafiri. Aliona maziwa ya kuchimbwa yaliyonyooka kama rula, na vyumba vya hoteli ambavyo miguu yake ilipita mwisho wa kitanda. Kwenye mashindano ya bara alipata medali ya shaba mara mbili. Kwenye mashindano ya dunia hakuwahi kuvuka robo fainali. Kwa mtu anayefua shuka mchana haikuwa haba, ila yeye ilimkaa kooni. Alitaka, kabla mgongo haujamsaliti, amalize shindano moja la dunia katikati ya watu wanaohesabika.

Alipotimiza miaka thelathini na mitatu, shirikisho lilibadili mpango. Hakutapelekwa tena mashua ya mtu mmoja. Itakwenda mashua ya wawili, na kiti kimoja tayari kilikuwa na mwenyewe: Kifaranga.

Kifaranga alipata jina lake kwa koti la mvua la manjano alilokuja nalo bwawani akiwa na miaka kumi na miwili. Mlingoti ndiye aliyempokea na kumfundisha, kwenye gati lile lile, vijiti vya mafagio mikononi. Sasa alikuwa na miaka ishirini na mmoja, mabega mapana, mapigo yake yamenyooka kama saa ya ukutani, na bado alimwita Mlingoti "dada" kwa heshima zote. Kiti cha pili kingeshindaniwa na watu wawili: Mlingoti, na mwanafunzi wa sheria ambaye wenzake walimwita Wakili kwa sababu hakuna adhabu ya mazoezi aliyoipokea bila kuikatia rufaa. Majaribio yangefanyika baada ya miezi minne.

Kocha alikuwa mgeni kwenye timu, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, ambaye alitumia kipaza sauti kama mtu anayesoma matangazo ya msiba. Siku ya kwanza aliwakalisha Mlingoti na Kifaranga pamoja, Mlingoti akiwa kiongozi wa mapigo. Huyo ndiye anayepanga mwendo. Mwenzake huketi nyuma ya mgongo wake na kumfuata. Hakuna aliyeona haja ya kuuliza nani aongoze. Dada ni dada.

Mashua ilikwenda kama mlevi. Kila mikono ilipopishana ililala upande mmoja, na kila makasia yalipoingia majini ililala mwingine. Kifaranga aliomba radhi mara tatu, akiamini kosa ni lake. Kocha alizima injini ya boti lake, akasogea mpaka akawa karibu kuwagusa.

"Mlingoti. Mkono gani unapita juu?"

"Wa kulia."

"Tangu lini?"

"Tangu nianze."

 Kocha alisema angeweza kuhamisha visahani kwenye kiti kimoja, lakini hatafanya hivyo. Mashua moja ikibeba watu wanaopishanisha mikono kinyume inajipinda katikati, nao watatumia nusu ya nguvu zao kuinyoosha. Isitoshe, mchezaji wa akiba akihitajika dakika ya mwisho, atakaa kwenye kiti cha nani? Mashua moja, mikono ya aina moja. Anayetaka kiti abadili mkono, na miezi minne inatosha kwa anayetaka kweli.

Mlingoti hakubisha. Kilichomsumbua jioni ile ni kitu kingine: kama yeye ndiye aliyemfundisha Kifaranga, Kifaranga alipata wapi mkono sahihi? Jibu lilimjia kesho yake kazini, amesimama na mwenzake, shuka imenyooka kati yao. Aliganda ghafla hivi kwamba mwenzake alitangulia katikati peke yake na pembe zake mbili. Mjomba alimwelekea, yeye akamwiga kwa kioo, akapata kinyume. Kisha yeye akamwelekea Kifaranga, naye akamwiga kwa kioo, akapata kinyume cha kinyume. Kosa limerithiwa likazaliwa limenyooka. Alicheka mpaka msimamizi akatoka ofisini kuona kuna nini, na alipokwisha kucheka aliona kwamba jambo lenyewe halichekeshi sana.

Kuufundisha mkono kitu kipya baada ya miaka kumi na sita ni kazi ya ukaidi. Alipofikiria mikono, alisahau miguu. Alipokumbuka miguu, mkono wa kulia ulipanda juu wenyewe kama mtoto aliyezoea kubebwa, vifundo vya vidole vikagongana na ngozi ikachubuka. Nyumbani mumewe alimfunga plasta na kusema afadhali majokofu, hayabadiliki. Wiki tatu zilipita hivyo. Upande wa pili wa bwawa Wakili na msichana mmoja wa timu ya vijana walikuwa wakiteleza kimya kama mkasi kwenye hariri.

Kocha alikuwa na pendekezo, na alilisema mara moja tu. Mlingoti ahame kiti. Kifaranga aongoze mapigo, yeye aketi nyuma yake. Tangu aanze, alisema Kocha, hajawahi kufuata mgongo wa mtu. Amejifunza kwa kutazamana, kisha akawa peke yake. Akikaa nyuma hatahitaji kufikiri kulia wala kushoto. Mkono wa kushoto wa aliye mbele yake utakuwa upande wa kushoto wake pia.

Mlingoti alisema atafikiria, maana yake hapana. Alikuwa na sababu zake nzuri: uzoefu, utulivu wa mwanzo wa shindano, urefu wa pigo lake. Sababu ambayo hakuitaja ilikuwa rahisi zaidi. Kiti cha nyuma kilikuwa cha mwanafunzi, na sasa mwanafunzi ndiye angeketi mbele.

Alimweleza mama yake habari zote Jumapili, wawili hao wakichambua mchele kwenye meza ya jikoni. Alieleza kwa urefu, na sababu nzuri zote alizitaja. Mama alistaafu zamani, lakini macho yake bado yaliona doa kwenye kitambaa cheupe kutoka upande wa pili wa chumba. Alimwacha amalize.

"Hicho kiti unakitaka au hukitaki?"

"Nakitaka, mama."

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na wewe mwanangu, Mungu amekupa urefu wa kuinama nao."

Mlingoti akasema si suala la kuinama, ni suala la mashua kwenda. Mama akajibu kwamba yeye hajui mashua, lakini amemsikia akizungumza robo saa nzima na hajasikia mashua ikitajwa hata mara moja. Kisha akamtaka asogee, anamzibia mwanga, mawe hayaonekani.

Jumatatu alfajiri Mlingoti alifika gatini mapema, akaweka viatu vyake mbele ya kiti cha nyuma, akakaa. Kifaranga alipofika alisimama na makasia mabegani, hajui pa kuweka macho.

"Dada, hapo ni pangu."

"Palikuwa pako. Kaa mbele."

"Nitakuongozaje mimi?"

"Kama nilivyokufundisha. Ukipotea nitakuambia."

Haikuwa muujiza. Siku ya kwanza waliyumba, ya pili waliyumba kidogo. Lakini kulikuwa na mgongo mbele yake, na mgongo haudanganyi. Kiwiko cha kushoto cha Kifaranga kilipoinuka unywele mmoja juu ya cha kulia, cha Mlingoti kiliinuka kwa upande ule ule, na hakikumwuliza ruhusa. Mwezi wa pili plasta zilitoka. Kiti cha nyuma kina kazi yake pia: anayekaa hapo ndiye hugeuza shingo kutazama njia, na ndiye hutoa amri, lini kuongeza, lini kushikilia. Mlingoti aligundua kwamba ana sauti. Kwa miaka yote ile hakuwa na wa kumwambia.

Majaribio yalifanyika asubuhi isiyo na upepo. Mpango wa Kocha ulikuwa huu. Mbio mbili, mashua mbili. Kwenye mbio za kwanza Kifaranga angekuwa na Mlingoti, na Wakili angekuwa na yule msichana wa vijana. Kisha Mlingoti na Wakili wangebadilishana, na mbio zingerudiwa. Mashua ya Kifaranga ilitarajiwa kushinda zote mbili. Swali lilikuwa ni akiwa na nani atashinda kwa mbali zaidi. Huyo ndiye mwenye kiti.

Za kwanza, Kifaranga na Mlingoti walishinda kwa urefu wa mashua mbili. Kila mtu alikuwa ameona na hapakuwa na la kujadili. Wakabadilishana viti gatini. Wakili alimpita Mlingoti akampa chupa ya maji bila kuombwa, akasema mbili ni nyingi, atakata rufaa.

Kwa hiyo hesabu ilikuwa wazi hata kwa mjomba aliyesimama na darubini mlangoni mwa banda. Mlingoti na msichana wa vijana wakiachwa kwa zaidi ya urefu wa mashua mbili, basi kiti ni cha Wakili.

Mpaka katikati ya njia waliachwa kwa mmoja tu. Hapo ndipo mapafu ya Mlingoti yalipoanza kuwaka, na mtu aliyechoka hurudi alikozaliwa. Mkono wa kulia ukapanda juu. Mipini iligongana, ukucha wa dole gumba ukachana ngozi ya mkono wa pili, mashua ikalala, na bapa la kasia likapiga maji likiwa limelala kama sahani. Pigo lililofuata likawa hivyo hivyo. Pembeni mashua ya Kifaranga ilijitenga, urefu mmoja na nusu, kisha karibu mbili.

"Nini?" aliuliza msichana bila kugeuka.

"Endelea tu."

Alitamani sana kuitazama mikono yake, na alijua kwamba akiitazama amekwisha. Akainua macho. Mgongo uliokuwa mbele yake haukuwa wa Kifaranga; ulikuwa mwembamba, na fulana imeloa jasho katikati. Hakuujua. Akautazama hivyo hivyo, kiwiko cha upande huu na kiwiko cha upande ule, akaacha mikono yake ifanye wanachofanya wengine. Pigo la tatu lilikuwa baya. La nne lilipita. Akasikia sauti ya maji chini ya mashua ikibadilika kutoka kugonga hadi kuchuruzika, na akatoa amri ya kuongeza, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. Msichana akaongeza kama aliyekuwa anaingoja siku nzima.

Waliachwa kwa urefu mmoja na robo.

Kocha hakutoa hotuba. Alisema majina mawili kwenye kipaza sauti, akataja saa ya mazoezi ya kesho, akawataka wote waoshe mashua. Wakili alilia kidogo nyuma ya banda, akanawa uso, akaja kumshika Mlingoti mkono. Alipoona damu aliugeuza ule mkono na kuuchunguza. Akauliza ingekuwaje kama mkono usingeteleza. Mlingoti alisema hajui, na kwamba asingependa kujua. Wakili akasema yeye pia. Alisafiri nao kama mchezaji wa akiba.

Mashindano ya dunia yalikuwa kwenye ziwa la nchi ya baridi, lenye maboya meupe yaliyopangwa mpaka macho yanachoka. Walivuka raundi ya kwanza. Walivuka robo fainali, jambo ambalo Mlingoti alilipokea kwa kuketi kwenye nyasi na kula ndizi polepole sana. Kwenye nusu fainali walibaki nyuma, wakapangwa fainali ya pili, ile inayoamua nafasi ya saba mpaka ya kumi na mbili. Asubuhi hiyo, mashua sita zikiwa zimeshikwa kwenye mstari na mwamuzi akisoma majina ya nchi moja baada ya nyingine, Kifaranga aligeuza shingo.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Tazama kwako."

Taa ikabadilika.

Walipovuka mstari wa mwisho, wote wawili walikunja migongo yao juu ya mipini, wakihema. Mvuke ulipanda kutoka mabegani mwa Kifaranga. Alipopata kauli aliuliza wametokea wa ngapi, maana alikuwa ameacha kuhesabu. Mlingoti, ambaye kuona ilikuwa kazi yake, alisema mashua mbili zimewatangulia na tatu ziko nyuma yao.

"Kwa hiyo wa tisa."

"Wa tisa."

Kifaranga aliitafakari hiyo namba kidogo, akichota maji kwa kiganja na kujimwagia shingoni.

"Dunia ina watu wengi, dada," alisema, akaweka makasia majini tayari kurudi gatini, akingoja amri.